Udhia wa Gari la Fahari

Msomaji mwema, ziko taabu ambazo mtu huletewa na ulimwengu, na ziko taabu ambazo hujinunulia kwa fedha zake mwenyewe. Za kwanza zastahili huruma. Za pili zastahili hoja. Nataka kusema nawe juu ya moja katika hizi za pili, nayo ni gari la mbio: lile fupi la kimo, lenye milango miwili, gia za mkono, na bomba la moshi lenye kishindo. Nalisikia likisifiwa kila siku na vijana wanaosomea ualimu, ambao huliota kabla hawajapokea mshahara wa kwanza. Mimi nasema kwamba gari hilo halifai Garissa, wala Wajir, wala Mandera, na kwamba udhia wake mdogo mdogo, ukijumlishwa, si mdogo hata kidogo.

Nianze kwa kuondoa dhana. Sizishitaki gia za mkono. Gari ambalo dereva wake hukanyaga klachi na kuchagua gia mwenyewe ni mwalimu mwema, kwa kuwa humlazimisha kuisikiliza injini na kuitazama njia iliyo mbele yake. Betri ikifa mahali pasipo fundi, watu watatu hulisukuma, dereva akaachia klachi, na injini ikaitika. Gari la otomatiki aghalabu hungoja kuvutwa. Kwa hiyo anayeniambia kuwa nachukia ufundi wa kuendesha ananisingizia. Mashtaka yangu ni juu ya kimo cha gari, ugumu wa springi zake, wembamba wa matairi yake, na kiburi kinachouzwa pamoja navyo.

Tazama kwanza kimo. Gari la mbio huundwa liambae ardhi, kwa kuwa gari la namna hiyo hutulia vizuri penye kona. Nafasi iliyopo kati ya tumbo lake na ardhi aghalabu haizidi sentimita 13 au 14. Gari lililoundwa kwa safari za nyika huwa na zaidi ya 20. Tofauti hiyo haijazi hata kiganja cha mkono, lakini katika njia ya mchanga iliyochimbwa na malori ndiyo tofauti ya kufika na kulala njiani. Malori huacha mifuo miwili, na katikati hubaki tuta la mchanga na mawe. Gari refu hupita juu ya tuta hilo salama. Gari fupi hulalia tumbo, magurudumu yakazunguka bure kama miguu ya kobe aliyepinduliwa.

Tazama pili matairi. Tairi lililoandikwa 205/45 lina upana wa milimita 205, na kimo cha ukuta wake wa pembeni ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 92. Tairi la 195/65, ambalo ni la gari la kawaida, lina ukuta wa milimita 127. Dereva mzoefu akifika penye mchanga mwingi hupunguza upepo wa matairi ili yatandazike, kama wayo wa ngamia unavyotandazika akanyagapo. Mwenye tairi la ukuta mfupi hana nafasi ya kufanya hivyo. Akipunguza upepo, rimu hugonga jiwe ikapinda. Ngamia alipewa wayo unaofaa nchi yake bila kulipa senti. Kijana wetu amelipa fedha nyingi apate wayo usiofaa.

Ingia sasa mjini, ambako lami ipo. Kila tuta la barabarani ni baraza la aibu. Gari la mbio haliwezi kulikabili uso kwa uso. Hulipanda kwa ubavu, gurudumu moja baada ya jingine, huku nyuma yake wakingoja bodaboda, malori, na mikokoteni ya punda. Na punda, ambaye hakuna aliyemsifu kwa mbio, hulivuka tuta hilo bila wasiwasi. Jua la Garissa hupita nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka, na katika joto hilo mguu wa kushoto hupanda na kushuka juu ya klachi nzito tangu sokoni hata kizuizi cha polisi, na tangu kizuizi hiki hata kile. Vumbi laini kama unga huingia katika chujio la hewa, likaiba nguvu zile zile zilizolipiwa. Mzee mwenye kanzu huingia kwa kuinama kama anayeingia pangoni, na kutoka kwake huhitaji mikono ya watu wawili. Kisha kipuri kikivunjika, fundi wa mjini, ambaye ni hodari wa Land Cruiser, Probox na malori, hutikisa kichwa. Kipuri hutafutwa Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 370, na pengine huagizwa Japani. Gari hukaa chini ya mgunga likiwa zuri sana la kutazamwa.

Najua mtetezi atasimama na kuniuliza: je, umeyasahau mashindano ya Safari? Sikuyasahau. Yalianza mwaka 1953, na yametupa mashujaa wa haki. Joginder Singh alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, na mara ya kwanza, mwaka 1973, alikuwa katika Datsun 240Z, ambalo ni gari la mbio halisi. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Magari yale yaliimarishwa kwa ajili ya njia mbaya, tumbo likavikwa bamba la chuma, na mafundi waliwangoja madereva njiani wakiwa na vipuri. Hata hivyo, mwaka 1963 na tena mwaka 1968, katika magari zaidi ya 80 yaliyoanza, saba tu ndiyo yaliyomaliza kila mara. Na mshindi wa mwaka 1968, Nick Nowicki, aliendesha Peugeot 404, gari ambalo baba wa watoto wanne angelinunua bila kuonekana mshindani. Basi anayetumia mashindano hayo kama ushahidi, na ayatumie yote.

Sasa naja kwenye jambo zito zaidi, ambalo si udhia tena. Garissa ina soko la mifugo lililo miongoni mwa makubwa ya Afrika Mashariki. Ngamia hutembea kando ya barabara zetu usiku na mchana, na twiga pia huvuka. Mnyama mwenye miguu mirefu akigongwa na gari fupi, gari humkata miguu, na mwili wake wote, wenye kilo mamia, huangukia kioo cha mbele na paa. Aliyeketi ndani hana muda wa kufikiri. Kadiri boneti ilivyo chini, ndivyo hatari hiyo ilivyo kubwa. Na kadiri mwendo ulivyo mkali, ndivyo nafasi ya kusimama ilivyo ndogo. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu kupita kilomita 110 kwa saa hata katika barabara kuu, na katika miji ni 50. Nguvu zinazozidi hapo zimenunuliwa kwa matumizi ya namna mbili tu: kuvunja sheria au kutotumika.

Liko na la pili. Katika nchi kame, gari si mali ya mwenyewe peke yake, ni amana. Vijiji viko mbali, hospitali ni chache, na maji hayapo kila mahali. Mama akishikwa na uchungu usiku, au mtoto akiumwa na nyoka, watu huulizana kwanza: nani ana gari? Msafiri aliyesimama juani na mtungi mtupu hungoja la kwanza litakalopita. Gari lenye viti viwili, lisiloweza kuacha lami, hulijibu swali hilo kwa kimya. Mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za El Niño zilipoufurisha mto Tana, barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa ilifunikwa, na watu wakavushwa kwa mashua. Nchi inayoweza kuwashinda hata wenye magari makubwa haikuumbwa kwa ajili ya magari ya maonyesho.

Utasema labda: fedha ni zake, mwache afurahi. Neno hilo ni la haki kwa kanzu na kwa saa ya mkononi. Mtu akivaa kanzu isiyomfaa, anaona haya peke yake. Lakini gari hutumia barabara ya wote, hupita kati ya watoto watokao shuleni na mifugo itokayo malishoni. Uhuru wa mtu mmoja kufurahia kishindo hauwezi kuwa mkubwa kuliko haki ya mtaa mzima kulala. Utasema tena kwamba lami inazidi kusogea kaskazini kila mwaka. Naifurahia lami, na naomba ifike Mandera yote. Lakini lami haitamfukuza ngamia, haitapunguza jua, wala haitamwongezea kiti mgonjwa asiye na kiti.

Kijana msomaji, siku moja utakuwa na kazi, na Mungu akijalia utakuwa na fedha za kununua gari. Siku hiyo usimwulize muuzaji linakwenda kasi gani, kwa kuwa atakujibu kwa furaha na utasahau mengine. Uliza litapita wapi, litabeba nani, nani atalitengeneza, na likikwama ni nani atakayelisukuma. Likijibu maswali hayo manne vizuri, linunue, na likiwa na gia za mkono, ujifunze kuzitumia kwa ustadi. Lisipojibu, liache barazani kwa mwenye duka, hata likiwa jekundu na zuri. Mwendo wa gari hupimwa kwa safari lililoimaliza, na heshima ya mwenye gari hupimwa kwa watu aliowafikisha.