Anayeuza Gunia Ajue Kulipika

Agosti mwaka jana, chuo kikiwa kimefungwa, mke wangu alisafiri kumuuguza mama yake, nami nikabaki nyumbani Njombe na watoto watatu kwa majuma matatu. Stoo ilikuwa imejaa: mahindi, gunia la maharage, ndoo ya karanga, viazi vimetandazwa sakafuni. Siku ya kwanza nilibandika maharage saa moja usiku. Saa tatu yalikuwa bado kokoto, tukala viazi kwa chai. Binti yangu wa darasa la sita alinisikitikia: “Baba, maharage huwa yanalowekwa tangu usiku.”

Shahada ya uzamivu haikunisaidia kitu jikoni. Nilijifunza hivyo hivyo. Nilichemsha maharage ya siku mbili kwa mara moja (baridi ya Njombe ni jokofu tosha). Nusu nikayaunga kwa karanga zilizosagwa, nusu yakaingia kwenye kande kesho yake. Mahindi niliyapeleka mashineni yasagwe dona, ili kiini kisiishie kwenye pumba za nguruwe.

Kisha nikapiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Sisi wanne tulitumia nusu kilo ya maharage kwa siku. Gunia la kilo 100 ni siku 200. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeuza magunia yote mawili Makambako, mchana mmoja, ili nimalizie uzio. Nilidhani nimeuza magunia mawili, kumbe nimeuza mboga ya siku 400. Kufikia Januari mke wangu alikuwa akinunua maharage sokoni kwa kisado, kwa bei ya juu, nami nikimlaumu kwa matumizi mabaya.

Ndugu wasomaji, jambo hili si la nyumba yangu pekee. Makambako, barabara kuu ya Zambia inapokutana na ile ya Songea na reli ya TAZARA ikipita, ni lango ambamo chakula chetu hutoka kwenda kulisha wengine. Hata Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala yake hapo. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wa Mkoa wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali kitaifa ni asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi, yakiwamo maradhi na uchovu wa mama anayeshinda shambani. Hata hivyo, sababu mojawapo hukaa sebuleni: anayeamua gunia liuzwe si yule anayetazama ndani ya sufuria.

Nasi watumishi wa umma tumeujenga utengano huo katika mipango yetu. Somo la lishe tunalipeleka kliniki, kwa mama; somo la bei na masoko tunalipeleka kwenye chama cha ushirika, kwa baba. Ofisa ugani anayemfundisha baba kuhifadhi maharage yasibunguliwe angeweza, siku hiyo hiyo, kumfundisha kuyaloweka na kuyapima kwa milo.

Sisemi mkulima asiuze. Ada hailipwi kwa kande. Nasema ahesabu kwanza sufuria, kisha auze kinachobaki.

Mwaka huu mnunuzi alinipigia simu kutoka Makambako, mavuno yakiwa bado uani. Nilimwomba asubiri hadi jioni, niulize nyumbani. Alicheka sana. Jioni alipata gunia moja.