Tuanze na Kipindi Kimoja: Waraka kwa Walimu wa Jumuiya ya Kujifunza, Lizaboni

Ndugu walimu wenzangu,

 

Wiki iliyopita nilifungua kabati la ofisi yetu kutafuta chaki. Nyuma ya maboksi nikakuta vishikwambi vitatu vimeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Nikabonyeza kimoja, hakikuwaka. Cha pili, vilevile. Mgongoni mwake bado ilikuwapo namba iliyoandikwa kwa kalamu ya maka, ya karani wa Sensa ya 2022, kabla Serikali haijavileta vifaa hivyo kwetu walimu. Cha tatu kilikuwa changu.

Kwa hiyo simwandikii mtu lawama. Naandika kwa sababu suala la ufundishaji mseto, yaani mtoto kujifunza kwa mwalimu, kwa kitabu na kwa kifaa ndani ya mpango mmoja, tumelisikia kwenye semina nyingi na sote tunalikubali. Tunaitikia, tunasaini mahudhurio, Jumatatu tunashika chaki na kishikwambi kinabaki kabatini.

Nimeliwaza sana hili. Mwaka 2011 Susan Michie na wenzake huko London waliandika kwamba mtu hutenda jambo pale vinapokutana vitu vitatu: uwezo, nafasi na msukumo. Kikipungua kimoja, viwili vilivyobaki havitoshi. Semina zetu zimetupa msukumo tele na uwezo kiasi. Nafasi hatukuwa nayo. Soketi ni moja ofisini na inagombaniwa na simu zetu. Bando tunanunua kwa fedha ya mfukoni. Darasa lina watoto wengi, kioo ni kidogo kama daftari, na mvua ikishuka juu ya bati hakuna anayesikia neno. Mwalimu aliye katika hali hiyo akirudi kwenye ubao, tusimwite mkaidi.

Kuna jingine ambalo hatulisemi vikaoni, nalo ni hofu ya kukwama mbele ya watoto. Mwaka jana nilipanga kuonyesha Darasa la Sita video ya moyo unavyosukuma damu. Video ikaganda mwanzoni kabisa. Nilisimama nikigusa kioo kwa dakika kadhaa, watoto wa nyuma wakaanza kuzungumza, nikakizima na kuchora moyo ubaoni. Tangu siku ile sikukigusa tena, na hakuna mwenzangu aliyeniuliza kwa nini. Laiti angekuwapo mmoja karibu yangu, kesho yake ningejaribu tena.

Nchi yetu inaijua njia hii ya kusogea pamoja. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi wa kikundi, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia dimbwi la mbu. Tazameni mpango wenyewe: redio, kitabu, watu ana kwa ana, na kazi ya mikono. Huo ulikuwa mseto kamili, tena kwa betri za redio. Naamini vyoo vilichimbwa kwa sababu jirani aliamua mbele ya jirani, na wiki iliyofuata wakakutana tena. Redio pekee isingefika huko. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni, na sote tunawakumbuka watoto waliorudi mwishoni mwa Juni bila kuyafuata, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kukaa nao.

Basi naomba tuanze na jambo dogo mno: kipindi kimoja kwa wiki, kila Jumatano. Jumanne, kengele ya kutoka ikilia, kishikwambi kinawekwa kwenye chaji kabla ya simu yoyote. Somo liwe limeshapakuliwa kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, lisitegemee mtandao wa wakati ule. Darasa ligawanywe vikundi: kimoja kitazame kwa dakika kumi, vingine vifanye jaribio au vijadili maswali ya kitabu, kisha wabadilishane. Na asiingie mwalimu peke yake. Mwenzake mmoja akae naye. Kioo kikiganda, mmoja ashughulikie kifaa na mwingine aendelee na watoto.

Walimu wakuu, nawasihi kwa heshima: katika muhula huu wa kwanza msiifanye Jumatano kuwa siku ya ukaguzi. Mwalimu akihisi anapimwa, atafundisha kile anachokiweza tayari. Mkitaka kusaidia, tafuteni kebo ya soketi nyingi na mchangie bando la kupakulia.

Kikao chetu kijacho ni Alhamisi saa nane na nusu mchana. Kila mmoja aje na kishikwambi chenye chaji na mada moja inayowashinda wanafunzi wake. Ambaye chake hakiwaki aje nacho vilevile, tutakaa naye. Changu kipo kwenye chaji tangu jana.

Wenu katika kazi,
Mratibu wa Jumuiya