Askari wa Sheria au Askari wa Bwana?



Kwa zaidi ya miaka thelathini ukweli wa Bonde la Ufa umefunikwa na jina moja: "mapigano ya kikabila". Jina hili lataka tuamini kwamba majirani waliouziana maziwa na mahindi, wakazikana na kuozana, waliamka asubuhi moja wakashikwa na wazimu. Sisi twakataa. Machafuko yalianza Meteitei, Nandi, mnamo Oktoba 1991, majuma machache baada ya wanasiasa kuhubiri majimbo Kapsabet na Kericho ili kuyazima madai ya vyama vingi. Yakaenea Molo, Olenguruone na Burnt Forest mwaka 1992, mwaka wa uchaguzi. Yakarudi Njoro na Laikipia mnamo Januari 1998, mara tu baada ya uchaguzi. Yakarudi tena 2007 na 2008. Ni wazimu gani huu unaosoma kalenda?

Walioitwa "madoadoa" walichomewa nyumba mchana kweupe. Kufikia mwaka 1993 shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu wasiopungua 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kufukuzwa makwao. Basi twauliza: polisi walikuwa wapi?

Walikuwapo. Walikuwa wakingoja amri. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na tusipopaelewa tutaendelea kuzika watu kila baada ya uchaguzi.

Polisi wa nchi hii hawakuundwa kumlinda mwananchi. Nakuru ilipokuwa mji wa walowezi, kazi ya askari ilikuwa kumsimamisha Mwafrika njiani na kumdai kipande. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai Naivasha na Nakuru ili kumpisha mzungu. Na kufikia 1950 maskwota wa Kikuyu walikuwa wamefukuzwa Olenguruone. Katika yote hayo askari alimtumikia bwana. Mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini njia ya amri haikubadilika: ilitoka juu, ikapitia kwa mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na chifu, ikamfikia askari. Mwananchi hakuwamo.

Askari hao hao walioshindwa kuzuia mishale hawakukosa malori wala nguvu siku za Krismasi mwaka 1994, walipowakusanya usiku wakimbizi wa Maela, Naivasha, na kuwatupa mbali na macho ya dunia. Padre John Kaiser aliyewahudumia hakunyamaza. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi. Agosti 2000 maiti yake ilikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha. Mwaka 2007 mahakama iliamua kwamba aliuawa. Hakuna aliyehukumiwa kwa damu yake.

Wala tusidhani kwamba ubaguzi wa rangi ulikwisha na ukoloni. Mwaka 2005 askari wa wanyamapori, Mmaasai, aliuawa kwa risasi katika shamba la Soysambu na mtu wa ukoo wa Delamere. Mwanasheria Mkuu aliifuta kesi kabla haijasikizwa, na Wamaasai wakaandamana kwa uchungu. Mwaka 2006 mtu yule yule alimuua kwa risasi Mwafrika mwingine katika shamba lilo hilo. Baada ya miaka mitatu rumande alifungwa miezi minane. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki alipokuwa Nakuru alikemea dhuluma bila kuuliza kabila la aliyedhulumiwa. Nasi twafuata njia hiyo. Ni haki ile ile inayokosekana, awe aliyeanguka ni wa Soysambu au wa Molo.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuficha lililotendeka Januari 2008. Naivasha, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja, na waliotenda walisema wanalipiza kisasi cha ndugu zao. Jamii iliyokuwa imelia ikawaliza wengine. Asiyelindwa na sheria hujitafutia panga. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini, 405 kati yavyo vya risasi, na ikawanyoshea polisi kidole. Februari 2009 Bunge likaikataa mahakama maalumu. Kesi za Hague nazo zikaporomoka, ya mwisho mwaka 2016.

Je, tukate tamaa? La. Katiba ya 2010 imeukata mkono wa bwana. Kifungu cha 245 kinakataza mtu yeyote kumwamuru Inspekta Jenerali ni nani achunguzwe au ashtakiwe. Kifungu cha 157 kinakataza kesi kufutwa pasipo idhini ya mahakama. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 yatamka kwamba amri ya mkubwa si kinga kwa askari aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Na IPOA iliundwa ili kesi ya nyani isiamuliwe na ngedere. Hata hivyo, risasi za Juni 2024 zilitufundisha kwamba sheria isiyodaiwa hulala kitabuni.

Basi tuidai. Kila parokia na kila kundi la mageuzi liandike kumbukumbu: tarehe, mahali, jina la aliyeuawa, namba ya gari la polisi, na ziwasilishwe IPOA na mahakamani. Kosa la mauaji halichakai. Wafu wa 1992 wangali na haki ya kusikizwa. Askari mwema aambiwe kanisani waziwazi kwamba akikataa amri haramu tutasimama naye. Na wanaohubiri amani wakome kuwaambia wajane wasahau, huku mashamba ya waliofukuzwa yakilimwa na wengine.

Uchaguzi wa 2027 haupaswi kutukuta tukigawa mablanketi. Tuliwahi kupigania vyama vingi tukadhani tumemaliza. Vyama ni vingi sasa. Kilichobaki ni kumfanya askari wa Kuresoi amwogope hakimu kuliko anavyomwogopa mkubwa wake.