Sendoff ya nani, ya dada au ya kamera?

Nilipotea wiki mbili. Test zilinibana, halafu nikawa mjumbe wa kamati ya sendoff ya dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Leo nimerudi na dukuduku na nalitoa lote. Atakayekasirika tukutane kantini.

Kwanza niweke wazi, mchango nilitoa. Kadi ya single ilikuwa 50,000. Wenzangu wa mkopo mnaijua hesabu hiyo: kwa boom ya 10,000 kwa siku, hizo ni siku tano za kula. Sikulalamika, dada ni dada. Ninacholalamikia ni nilichokiona kwenye vikao.

Kikao cha nne kizima tulijadili jinsi dada atakavyotoka ukumbini mwisho wa shughuli. Mpiga picha alileta maelekezo yake: wageni wasimame mistari miwili, fataki ziwashwe pande zote, taa zizimwe, dada apite polepole, ageuke, acheke, apunge mkono. Milioni moja na laki nane ya picha na video ikapita bila mtu kukohoa. Mama mdogo mmoja akauliza, "Na bibi atatoa wosia saa ngapi?" Mwenyekiti akaitazama ratiba weee... akasema, "Tutamtafutia dakika."

Jamani! Bibi yetu alitoka Lushoto kwa basi, na miguu yake ile, na khanga mpya mkobani ya kumfunga mjukuu wake. Harusi yenyewe ilikuwa Mwanza wiki iliyofuata, safari ambayo yeye haiwezi tena. Kwa hiyo kwake sendoff ndiyo ilikuwa nafasi pekee. Halafu anatafutiwa dakika!

Siku ikafika. Keki ikakatwa, shampeni ikafunguliwa, dada akamtafuta mwenzake katikati ya wageni akamvisha taji la maua, zawadi zikachezwa. Muda ukaliwa. Saa sita kasoro usiku MC akatangaza watu wajipange. Dada akatoka. Mpiga picha akapiga kelele: moshi umeziba uso, rudini! Wakarudi. Mara ya pili mjomba akakatiza mbele ya kamera. Rudini! Ya tatu ikapatikana, na sitadanganya, ni picha nzuri. Dada anacheka, cheche zimemzunguka. Lakini ukiangalia vizuri nyuma yake, upande wa kushoto, kuna mama mzee amesinzia kwenye kiti, mkoba mapajani. Khanga haikutoka mkobani usiku ule.

Sisi wa ualimu ugonjwa huu tunaujua. Ukienda BTP utakutana na somo la mkaguzi: mada imefundishwa jana, wanafunzi wamepangiwa nani anyooshe mkono, mkaguzi anaandika "vizuri sana" na hakuna mtoto aliyejifunza kitu. Sendoff zetu zimekuwa somo la mkaguzi. Lengo ni familia kumuaga binti yao. Picha ni zana. Mwalimu akiandaa zana akasahau lengo, anakatwa maksi. Kamati je, nani anaikata?

Najua mtasema pilau litasahaulika, picha zitabaki. Sawa, hata mimi napenda picha, simu yangu imejaa. Lakini fungueni albamu za mama zetu. Enzi za filamu ya picha 36, mpiga picha hakuwa na jeuri ya kusema rudini, kila kubofya ilikuwa hela. Alisubiri jambo litokee ndipo apige. Ndiyo maana mama yangu kwenye picha yake ya kuagwa analia kweli, pua imevimba, na bibi huyu huyu amemshika kichwa anamwambia maneno. Picha imefifia pembeni. Wakija wageni, hiyo ndiyo tunayoitoa kwanza.

Sasa nisiwe mtu wa kulaumu tu. Mnaopanga sendoff, fanyeni hivi. Wosia wa wazee uwe mwanzoni, kabla ya keki, wazee wakiwa na nguvu na wageni hawajachoka. Picha ya fataki mnaitaka? Ipigwe mapema na rafiki kumi, rudieni hata mara ishirini. Wageni wote wakisimama, kutoka kuwe mara moja, moshi usimoshi. Na mpiga picha apewe ratiba, asiachiwe kuitunga.

Asubuhi yake mimi ndiye niliyemsindikiza bibi stendi. Sikujua nianzie wapi kumwomba radhi. Akaniwahi yeye, akatoa ile khanga akanikabidhi. "Mpelekee dada yako. Maneno yake nitamwambia mwenyewe nikimwona." Nikamwambia, bibi, si umpigie tu simu? Akanitazama kama nimemtukana.

Khanga ninayo hapa hosteli, bado imekunjwa. Dada yuko Mwanza. Juzi kanitumia zile picha, kaniuliza, "Umeziona? Si zimetoka poa?"

Sijamjibu mpaka leo.

Nawasilisha.