Kivu: Vita inapoingia mwilini, toka tumbo la mama hadi ugonjwa wa sukari

Kila mara mapigano yanapozuka Mashariki mwa RDC, wanahesabiwa waliokufa, waliojeruhiwa na waliokimbia makwao. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, hesabu hiyo imefanywa mara nyingi. Lakini iko hesabu nyingine ambayo haionekani katika ripoti za kila juma. Ni ya watu wasio na kovu la risasi, ambao wanafika kituo cha afya miaka baadaye wakiwa na sukari nyingi katika damu, tansio iliyopanda, ao vyote viwili.

Jamaa zao mara nyingi wanaeleza ugonjwa huo kwa neno moja: ni mawazo. Wengine wanasema ni ya ukoo, kwa sababu baba ao nyanya aliugua vilevile. Utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba pande zote mbili zina sehemu ya ukweli, na kwamba mawazo na urithi havifanyi kazi kila kimoja peke yake. Sehemu ya ushahidi huo ilipatikana Goma na Lwiro, si Ulaya wala Marekani tu.

Mwili ambao hauachi kukimbia

Mtu anaposikia mlio wa bunduki, ubongo unatuma amri kwa tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo zinatoa homoni, mojawapo ikiitwa kortizoli. Ini linamwaga sukari katika damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia, moyo unapiga mbio, tansio inapanda. Hatari ikipita, ubongo unapokea habari kwamba kortizoli imetosha, na kila kitu kinarudi mahali pake.

Mpango huo uliwekwa kwa hatari ya dakika chache. Haukuwekwa kwa familia iliyohama kutoka Masisi hadi Sake, kutoka Sake hadi Goma, kisha ikalazimika kuondoka tena kambini Februari 2025. Hofu ikidumu miezi na miaka, kortizoli inaweza kukosa utaratibu wake. Sukari inaendelea kumwagwa bila kutumiwa, insulini inapoteza nguvu ya kuiingiza katika misuli, na mafuta yanajikusanya tumboni, mahali ambapo yanaleta hatari zaidi kwa moyo. Usingizi wa kukatika-katika unaongeza mzigo huo.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Kwa kawaida hesabu hiyo inasomwa kama habari ya akili tu. Ni habari ya sukari na moyo pia.

Kilichoonekana kwa watoto wachanga wa Goma

Mwaka wa 2012, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, likiongozwa na Connie Mulligan, lilitangaza matokeo ya kazi iliyofanywa katika hospitali ya HEAL Africa mjini Goma. Kina mama 25 waliojifungua waliulizwa juu ya maisha yao wakati wa ujauzito: shida za kila siku, vita, ubakaji, kufiwa. Damu yao na ya watoto wao ilichunguzwa.

Watafiti waliangalia jeni inayoitwa NR3C1. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza kipokezi cha kortizoli, yaani mlango ambamo mwili unapokea habari kwamba hofu imetosha. Kadiri mama alivyopitia mateso mengi, ndivyo jeni hiyo kwa mtoto ilivyobeba alama nyingi zaidi za kemikali, na ndivyo mtoto alivyozaliwa na kilo chache. Mwaka wa 2016, uchunguzi mwingine wa kundi hilo uliongeza jeni nyingine tatu zinazosimamia homoni za hofu, na alama za namna hiyo zikaonekana kwa mama na kwa mtoto.

Hapa panahitaji uangalifu. Jeni zenyewe hazikubadilika. Mtu anaweza kuzifananisha na kitabu cha mapishi: maneno yanabaki yaleyale, lakini mtu ameweka karatasi juu ya kurasa fulani, na mpishi hazisomi kwa urahisi. Vita haikuandika upya kitabu cha mtoto. Ilibadilisha namna ya kukisoma.

Kutoka kilo za kuzaliwa hadi sukari

Kwa nini uzito wa mtoto una maana kubwa hivyo? Katika miaka ya 1980, daktari Mwingereza David Barker alionyesha kwamba watu waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa magonjwa ya moyo walipokuwa wakubwa. Uholanzi ilileta ushahidi mwingine. Katika baridi ya 1944 hadi 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kisifike miji ya magharibi ya nchi hiyo. Watoto waliokuwa tumboni wakati huo walipofika miaka 50 hivi, miili yao ilishindwa kushughulikia sukari vizuri kuliko ya wenzao waliozaliwa kabla ya njaa ao waliotungwa mimba baada yake. Mwaka wa 2008, miaka 60 baada ya njaa ile, alama tofauti za kemikali zilipatikana bado kwenye jeni yao mojawapo ya ukuaji.

Kivu ya Kusini ina kisa chake. Katika hospitali ya watoto ya Lwiro, eneo la Kabare, watoto wengi walitibiwa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007. Watafiti wa Congo na Ubelgiji waliwatafuta walipokuwa watu wazima, wakapata 524, wakawalinganisha na majirani wa umri wao. Kulingana na matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2021, waliougua utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mafuta ya tumboni pamoja na mchanganyiko wa dalili zinazotangulia sukari na magonjwa ya moyo. Watu hao walikuwa bado vijana.

Mbona mmoja anaugua na jirani yake haugui?

Watu wawili wanaweza kulala katika hema moja, kula bugali ileile na kusikia mabomu yaleyale, lakini mmoja tu akapata sukari. Hapo ndipo urithi unaingia. Mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza habari ya jeni inayoitwa EBF1. Kwa watu waliobeba aina fulani ya jeni hiyo, msongo wa muda mrefu ulikwenda pamoja na unene wa kiuno, kisha sukari ya juu, kisha ugonjwa wa moyo. Msongo ulipokuwa mdogo, jeni hiyo haikuonyesha hatari ya namna hiyo. Mtu anaweza kurithi baruti bila kurithi kiberiti.

Lakini matokeo hayo yalipatikana kwa Wamarekani wazungu. Hayawezi kuhamishwa hadi Rutshuru ao Kalehe bila kupimwa. Waafrika ndio wenye jeni za namna nyingi kuliko watu wote duniani, na ndio waliochunguzwa kidogo zaidi. Kwa hiyo, mtu akiuza Goma ao Bukavu kipimo cha jeni kinachodai kutabiri sukari, anauza kitu ambacho sayansi haijafikia.

Hata ushahidi wa Goma una mipaka. Kina mama 25 ni wachache, na katika vita ni vigumu kutenganisha hofu na njaa, kwa sababu mara nyingi zinakuja pamoja. Lakini haukubaki peke yake. Nchini Rwanda, uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2014 uliwalinganisha kina mama 25 waliopitia mauaji ya kimbari ya 1994 wakiwa wajawazito na wengine 25 ambao hawakuwa huko. Alama zilikuwa nyingi zaidi kwenye jeni ileile ya NR3C1, kwa kina mama na kwa watoto wao.

Kosa la kuepuka

Habari hizi zinaweza kutumiwa vibaya. Watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji tayari wanaitwa majina mabaya katika vijiji vingi. Kusema kwamba wana damu mbovu itakuwa uongo. Alama hizo si hukumu. Nyingine zinaweza kubadilika maishani, na chakula, usingizi, kazi ya mwili na utulivu wa nyumbani vinabaki na uzito mkubwa. Hata baruti iliyorithiwa inahitaji moto.

Kwa hiyo swali ni la serikali, la wanaotawala miji leo, na la wafadhili. Msaada wa dharura unahesabu mahema, maji, unga na chanjo. Ugonjwa wa sukari unaonekana kama ugonjwa wa matajiri wa Kinshasa, ao jambo la kungojea amani. Mgonjwa anayehitaji insulini hawezi kungojea. Dawa hiyo inatunzwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, mahali ambapo umeme unakatika, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwaka wa 2025, na benki zilipofunga milango familia zilipata shida hata kufikia akiba zao. Kupunguzwa kwa misaada ya Marekani tangu mwanzo wa 2025 kumezidisha pengo.

Mambo mengine hayahitaji maabara ya gharama. Siku ya CPN, mama mjamzito anapimwa uzito na anaulizwa juu ya malaria. Anaweza pia kupimwa tansio na sukari kila mara, na kuulizwa kama analala, kama anaogopa, kama ametendewa jeuri. Hospitali ya Panzi, Bukavu, imeonyesha kwa miaka mingi kwamba matibabu ya mwili na msaada wa kisaikolojia vinaweza kutolewa chini ya paa moja. Mtoto aliyezaliwa na kilo chache anaweza kuandikwa na kufuatiliwa hadi ukubwani, si hadi mwisho wa chanjo tu.

Watoto waliokuwa tumboni Goma ilipoanguka sasa wamezaliwa. Ikiwa mfano wa Uholanzi ni kweli kwa Kivu, hospitali zitaanza kuwaona kwa wingi wakati ambapo majina ya makamanda wa leo yatakuwa yamesahaulika. Daftari la kuwafuatilia linaweza kufunguliwa sasa katika kila kituo cha afya, na bei yake ni ya kalamu na karatasi.