Beki Boulahrouz Asihukumiwe kwa Teke Moja

Wapenzi wa kandanda wana kumbukumbu fupi kwa mema na ndefu kwa mabaya. Litaje jina la Khalid Boulahrouz mbele ya watu wanaofuata habari za mpira, na mara moja utaambiwa, "Ah, si yule aliyemuumiza Ronaldo?" Basi mazungumzo yameishia hapo. Mchezaji aliyeitumikia timu ya taifa ya Uholanzi mara 35, akala mkate wake katika ligi za Ujerumani, Uingereza, Hispania, Ureno na Denmark, amefungiwa ndani ya dakika moja ya jioni moja. Sisi twaona kwamba hiyo si haki, na leo twataka kusema kwa nini.

Teke lenyewe hatulitetei. Tarehe 25 Juni 2006, katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, Uholanzi ilikutana na Ureno katika duru ya pili ya Kombe la Dunia. Mchezo haujatimiza hata dakika kumi, Boulahrouz alimrukia Cristiano Ronaldo, wakati huo kijana wa miaka 21, akamkanyaga pajani kwa njumu. Refa Valentin Ivanov wa Urusi alitoa kadi ya manjano. Wengi walisema kwamba ilistahili kadi nyekundu, nasi hatuna la kubisha. Ronaldo alijikokota kwa muda, kisha akatoka kabla ya mapumziko huku akilia.

Lakini ni lazima isemwe pia kwamba jioni ile hapakuwa na malaika uwanjani. Maniche aliifungia Ureno bao la pekee dakika ya 23, na kuanzia hapo mpira ukasahauliwa, watu wakatafutana miguu. Refa alitoa kadi 16 za manjano na nyekundu nne, mbili kila upande. Boulahrouz mwenyewe alifukuzwa dakika ya 63 baada ya kumpiga Luis Figo kwa kiwiko. Deco wa Ureno na Giovanni van Bronckhorst wa Uholanzi, waliokuwa wenzi katika klabu ya Barcelona, walifukuzwa wote wawili, wakaonekana wameketi pamoja kando ya uwanja wakizungumza kama watu wangojao basi. Sepp Blatter, mkubwa wa FIFA wakati ule, alisema kwamba refa naye alistahili kadi ya manjano. Wachezaji wengi wa jioni ile wamesamehewa, na mwingine hata hakumbukwi kuwa alikuwako. Aliyebaki na doa ni mtoto wa Wamoroko.

Huyu Khalid alizaliwa tarehe 28 Desemba 1981 katika Maassluis, mji mdogo ulio magharibi ya Rotterdam. Wazazi wake wametoka Moroko. Mwaka 1969 serikali ya Uholanzi na ile ya Moroko zilitia saini mapatano ya kupeleka wafanya kazi, kwa kuwa viwanda vya Uholanzi vilikuwa na uhaba wa watu wa kazi nzito. Wanaume wengi walikwenda kwa nia ya kukaa miaka michache, kuweka akiba, na kurudi kujenga nyumba. Miaka ikapita, wakawaita wake zao, watoto wakazaliwa huko, na nyumba ya Moroko ikawa ya kuzuriwa wakati wa likizo tu. Msomaji wa pwani mwenye ndugu Arabuni au Uingereza hahitaji kufasiriwa habari hiyo.

Khalid hakupata njia iliyonyooka. Aliingia katika kandanda ya kulipwa kwa mlango mdogo, klabu ya RKC Waalwijk, ambayo si miongoni mwa majina makubwa ya Uholanzi. Kutoka huko alinunuliwa na Hamburg ya Ujerumani mwaka 2004, na mwaka huohuo Marco van Basten, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika kazi ya ukocha wa taifa, akamwita avae jezi ya rangi ya chungwa. Alikuwa beki mgumu, mwenye kifua na mabavu, anayeweza kucheza katikati au upande wa kulia. Hatusemi kwamba alikuwa Ruud Krol, yule nahodha wa Uholanzi katika fainali ya 1978 ambaye baadaye alikuja kuifundisha Misri. Krol aliucheza mpira kama mtu anayeandika hati nzuri. Boulahrouz alikuwa bawabu, na kazi ya bawabu ni kuzuia mlango.

Uitwe mwaka gani kuiwakilisha Uholanzi, nawe una jina la Khalid! Tarehe 2 Novemba 2004, mtengeneza filamu Theo van Gogh aliuawa katika barabara ya Amsterdam, na aliyemwua alikuwa kijana Mholanzi wa asili ya Moroko, aliyedai kuwa anaitetea dini. Kitendo hicho kiliwachomea nyumba Waislamu wote wa nchi ile ambao hawakuhusika nacho. Misikiti na shule za Kiislamu zilishambuliwa, nyingine zikatiwa moto. Watu waliokuwa majirani kwa miaka thelathini wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Katika hali hiyo Khalid alisimama mstari mmoja na wenzake, wimbo wa taifa wa Uholanzi ukapigwa, naye akaingia uwanjani kufanya kazi yake. Hakutoa hotuba. Kwa maoni yetu, kuonekana kwake tu katika jezi ile kulikuwa na uzito kuliko hotuba nyingi zilizotolewa siku zile na wanasiasa.

Wako wasioridhika na jambo hilo, na hao si Waholanzi peke yao. Tangu Moroko ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar mwaka 2022, ikawa timu ya kwanza ya Afrika na ya Waarabu kufika hapo, umezuka mtindo wa kuwapima watu kwa jezi. Hakim Ziyech alizaliwa Dronten, Sofyan Amrabat alizaliwa Huizen, Noussair Mazraoui alizaliwa Leiderdorp. Wote hao ni miji ya Uholanzi, nao wote walichagua kuichezea nchi ya wazazi wao. Furaha yetu ilikuwa kubwa, na hatuoni haya kuisema. Lakini kutoka furaha hiyo hadi kusema kwamba Boulahrouz na Ibrahim Afellay, waliochagua nchi walimozaliwa, waliisaliti damu yao au dini yao, huko ni kuvuka mpaka. Imani ya mtu haishonwi kwenye fulana. Tena sheria za wakati wake hazikumruhusu mchezaji aliyekwisha kuichezea timu ya wakubwa katika shindano rasmi kubadili nchi. Alichagua mara moja akiwa kijana, akakaa na uchaguzi wake.

Baada ya Nuremberg alinunuliwa na Chelsea ya London, akapewa jezi namba 9, namba ya mfunga mabao, jambo lililowachekesha wengi. Huko hakupata nafasi ya kutosha. Majeraha yalimwandama, akaazimwa kwa Sevilla ya Hispania, na ilipofika mwaka 2008 watu walikwisha kumsahau. Hakuwamo hata katika orodha ya Waholanzi kwa Kombe la Ulaya mpaka Ryan Babel alipoumia kifundo cha mguu, naye akaitwa kuziba pengo. Aliyekuja kuziba pengo akawa beki wa kulia wa timu iliyoipiga Italia mabao 3-0 na Ufaransa 4-1. Hao walikuwa bingwa wa dunia na mshindi wa pili!

Ndipo ukaja msiba. Timu ilikuwa imepiga kambi Lausanne, Uswisi. Mkewe, aliyekuwa mja mzito, alilazwa hospitali mjini humo, akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Mtoto hakuishi. Hiyo ilikuwa Jumatano, tarehe 18 Juni. Jumamosi ya tarehe 21 Uholanzi ilikuwa icheze na Urusi katika robo fainali mjini Basel. Khalid alikuwa na kila sababu ya kukaa na mkewe, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaamua kucheza. Wachezaji wote wa Uholanzi waliingia na vitambaa vyeusi mikononi kwa ajili ya mtoto huyo.

Kuna waliouliza, ni baba gani huyu anayekwenda kukimbilia mpira naye amefiwa? Sisi twauliza, ni nani aliyempa mtu ruhusa ya kupima majonzi ya mwenziwe? Tangu Jumatano hadi Jumamosi ni siku tatu, muda uleule ambao kwetu matanga huondolewa na watu hurudi makazini, macho bado mekundu. Mvuvi hurudi baharini na mwalimu hurudi darasani. Kazi ya huyu ilikuwa kuzuia mawinga. Alizuia kwa dakika 54, kisha Van Basten akamtoa na kumwingiza John Heitinga, bado hakuna aliyefunga. Dakika mbili baadaye Urusi ilipata bao, na baada ya muda wa nyongeza ikashinda 3-1. Hatusemi kwamba kutoka kwake ndiko kulikoleta bao. Twasema tu kwamba mlango wake ulikuwa haujavunjwa.

Yaliyofuata yanaweza kuelezwa kwa ufupi: Stuttgart kwa miaka minne, Sporting ya Lisbon, Brøndby ya Denmark, kisha mwaka 2014 akarudi karibu na kwao kuichezea Feyenoord ya Rotterdam. Lakini kuna siku moja tusiyotaka kuipita.

Tarehe 6 Julai 2010, katika Kombe la Dunia la kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, Uholanzi ilicheza nusu fainali na Uruguay mjini Cape Town. Gregory van der Wiel, beki wa kulia wa kawaida, alikuwa amefungiwa kwa sababu ya kadi. Akaitwa tena mziba pengo. Karibu na uwanja ule uko mtaa wa Bo-Kaap, wenye msikiti wa Auwal ulioanzishwa mwaka 1794, na imamu wake wa kwanza, Tuan Guru, aliletwa kutoka visiwa vya Indonesia na Waholanzi akiwa mfungwa, akatiwa gerezani Robben Island, akaiandika Kurani nzima kwa moyo. Jioni hiyo mlinzi wa Waholanzi alikuwa Mwislamu aitwaye Khalid. Alicheza dakika zote 90, Uholanzi ikashinda 3-2. Siku tano baadaye, katika fainali ya Johannesburg waliyofungwa na Hispania 1-0, Van der Wiel alikuwa amemaliza adhabu yake, naye Khalid akaketi kwenye benchi hadi mwisho.