Aliyetengeneza Naye Aulizwe

Kuna kauli inayokubaliwa haraka mno, barazani hata bungeni: kifaa hakina kosa, kosa ni la anayekitumia. Mtengenezaji akishauza, amenawa mikono. Maafa yakitokea, anasakwa dereva, nesi, rubani, yeyote aliyekigusa mwisho. Kauli hiyo ni ya uongo, na imewadhulumu wafu wetu.

Machi 10, 2019, Boeing 737 MAX ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka karibu na Bishoftu. Walikufa watu wote 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Oktoba iliyotangulia, ndege ya aina hiyohiyo, ya Lion Air, ilitumbukia baharini Indonesia ikiwa na watu 189.

Lawama zikaelekezwa kwa marubani. Mbunge mmoja wa Marekani alidai kwamba waliofunzwa kwao wangeimudu hali ile.

Marehemu hawana sauti, basi tuwajibie. Boeing iliipa MAX injini kubwa zaidi na kuzisogeza mbele. Kwa kuwa hilo liliweza kuinua pua ya ndege kupita kiasi, ikabuniwa programu iitwayo MCAS ya kuisukuma chini. Ndege ilikuwa na vihisi viwili vya kupima pembe ya ndege dhidi ya upepo unaoikabili. Programu ikategemea kimoja tu kwa wakati mmoja. Kihisi kikikosea, pua inasukumwa chini, rubani anaivuta juu, inasukumwa tena. Kabla ya ajali ya Indonesia marubani hawakuelezwa kuwa programu hiyo ipo, maana kampuni ilitaka kuuza ndege isiyomlazimu mnunuzi kugharimia mafunzo ya simuleta. Unamfichaje mtu jambo kisha umhukumu kwa kutolijua?

Mtaniambia kwamba baada ya ajali ya kwanza walipewa maelekezo. Ndiyo, na marubani wa Ethiopia walizima swichi zilizotajwa. Kwa mwendo ule, gurudumu la kurekebisha pua kwa mkono likawashinda. Na kabla hawajaruka siku ile, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilikuwa imekwisha kukadiria kuwa bila marekebisho MAX zingeweza kuanguka mara 15 hivi katika maisha yake. Zikaachwa ziendelee kubeba watu.

Wapo wanaohofia kwamba tukimbana mbunifu, hakuna atakayebuni tena. Hofu hiyo haina msingi. Hakuna anayemtaka ajibu kwa kila upumbavu wa mtumiaji; anatakiwa ajibu kwa hatari aliyoijua, au aliyopaswa kuijua, akanyamaza. Kisheria si jambo geni: tangu kesi ya Donoghue na Stevenson ya 1932, Uingereza na mahakama zilizorithi sheria zake, zetu zikiwamo, zinamdai mtengenezaji uangalifu kwa mtumiaji asiyemjua hata kwa sura.

Novemba 2021 Boeing yenyewe ilikubali mbele ya mahakama ya Chicago kuwa ndiyo inayowajibika kulipa fidia kwa ajali ya Ethiopia, bila kuwatupia lawama marubani. Mapema mwaka huohuo ilikuwa imekubali kutoa zaidi ya dola bilioni 2.5 ili mashtaka ya kuihadaa FAA yaahirishwe. Aliyefikishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama ni mmoja tu, rubani wa kiufundi wa zamani, naye akaachiwa 2022. Kwa roho 346, hakuna mkurugenzi hata mmoja aliyefungwa.